Gari Lisilowaka: Kutafuta Kiungo Kilichokatika

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilizopita kati ya pwani na nchi ya Unyamwezi zilichukuliwa mabegani na vichwani mwa watu. Mbung'o aliwaua farasi na ng'ombe waliojaribiwa katika njia ile, na kwa sababu hiyo kazi ya kuchukua pembe za ndovu, nguo na shanga ilikuwa ya wapagazi, ambao mashuhuri wao kuliko wote walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Safari ya kutoka Bagamoyo ilichukua miezi mitatu au zaidi. Burton na Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857, walifika Kaze, kama mahali pale palivyoitwa wakati huo, mwezi wa Novemba. Njiani watu waliugua, walitoroka na hata walikufa. Hata hivyo misafara ilifika. Mpagazi mmoja alipolemewa, mzigo wake wa kilo 30 na zaidi uligawanywa miongoni mwa wenzake, au alitafutwa mtu mwingine kijijini, na msafara ukaendelea.

Motokaa inayopita leo katika njia ile ile, kwenye lami au chini ya miembe ya zamani, ina nguvu kupita wapagazi elfu, lakini haina sifa hiyo moja waliyokuwa nayo. Ili iwake, sehemu zake kadhaa hazina budi kufanya kazi moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iwezayo kuchukua mzigo wa mwenzake. Kwa lugha ya fizikia ya kidato cha pili, msafara ulikuwa sakiti sambamba. Gari linalowashwa ni sakiti mfululizo. Kiungo kimoja kikikatika, vyote vilivyobaki, hata viwe vizima kiasi gani, havina faida. Na vyote hunyamaza kimya kwa pamoja, jambo ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi yafanywayo chini ya boneti: anayetazama haoni ni kipi kilichokufa na ni kipi kinachongoja tu.

Na ichukuliwe mfano wa gari la zahanati, Land Rover ya zamani ya petroli, katika kijiji kimojawapo kati ya Tabora na Urambo. Ni alfajiri ya mwezi wa Oktoba. Mama mwenye uchungu wa uzazi uliokawia amelazwa nyuma, na safari ni ya Hospitali ya Kitete mjini Tabora. Dereva anageuza ufunguo. Unasikika mlio mdogo, "ta", kisha kimya. Anageuza mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Watu wamekwisha kukusanyika. Mmoja anasema betri imekufa. Mwingine anasema ni stata. Wa tatu anakumbuka kwamba gari la shemeji yake lilipofanya hivyo lilibadilishwa plagi likawaka. Kulisukuma haiwezekani, maana mchanga wa pale unafika kwenye vifundo vya miguu na hendeli ya kuzungushia injini ilipotea zamani. Juma lililopita, kwa shida hii hii, ilinunuliwa betri mpya, na gari likawaka siku nne.

Watu hawa hawakosi akili. Kila mmoja amewahi kuona gari likiwaka baada ya kufanyiwa jambo fulani, na analolisema liliwahi kuwa kweli mahali fulani. Kosa ni kuanza na jibu. Anayeanza na jibu hubadilisha kifaa, na kifaa kikibadilishwa bila kupimwa, fedha imetumika na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua jana.

Swali linalogawa nusu kwa nusu

Mnyororo wa kuwasha gari la petroli waweza kuelezwa kwa maneno machache. Betri hutoa mkondo mkubwa wa umeme. Mkondo huo hupita katika nyaya nene na katika swichi ya sumaku iitwayo solenoidi hadi kwenye stata. Stata huzungusha injini. Injini inayozunguka huvuta hewa na petroli ndani ya silinda na kuvigandamiza. Plagi hutoa cheche kwa wakati wake. Mchanganyiko huungua, na injini hujiendesha yenyewe.

Viungo ni vingi, lakini havina haja ya kupimwa kimoja kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anayetafuta ukurasa wa 200 katika kitabu cha kurasa 400 hafungui ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu; hukifungua katikati, kisha hutazama aelekee upande gani. Swali la katikati katika gari ni hili: je, injini inazunguka kwa nguvu zake za kawaida ufunguo unapogeuzwa? Ikiwa inazunguka vizuri lakini haiwaki, basi betri, nyaya nene, solenoidi na stata zimeondolewa katika mashaka kwa pamoja, na ugonjwa uko kwenye mafuta, cheche au mgandamizo. Ikiwa haizunguki, au inazunguka kwa kujikokota, basi hakuna haja ya kugusa plagi wala kabureta. Swali moja lisilogharimu hata senti limekwisha kufuta nusu ya orodha.

Kusukuma gari, pale inapowezekana, ni swali lile lile kwa njia nyingine. Gari lililosukumwa likawaka limeonyesha kwamba mafuta yake, cheche zake na mgandamizo wake ni vizima, kwa kuwa msukumo wa watu umechukua nafasi ya stata peke yake. Madereva wengi hufurahi likiwaka na kuondoka, kumbe wamekwisha kufanya jaribio na hawakusoma matokeo yake. (Gari lenye gia za kujibadilisha lenyewe haliwashwi kwa njia hii, na gari la kisasa ambalo betri yake imekwisha kabisa halitawaka hata likisukumwa hadi Nzega, kwa sababu pampu yake ya mafuta na kompyuta yake huhitaji umeme kwanza.)

Katika mfano wetu injini haizunguki. Upande umejulikana: ni upande wa umeme mkubwa. Swali la pili huulizwa kwa taa. Taa kubwa za mbele huwashwa, kisha ufunguo hugeuzwa huku mtu mmoja amesimama mbele akizitazama. Mambo matatu yaweza kutokea. Taa zikiwa hafifu tangu mwanzo na zikafifia zaidi, betri haina chaji ya kutosha. Taa zikiwa na nuru njema kisha zikazimika karibu kabisa wakati ufunguo unapogeuzwa, huenda betri ni nzima lakini umeme wake unazuiwa mahali ambapo njia ya taa na njia ya stata bado ni moja, yaani aghalabu kwenye vichwa vya betri penyewe. Taa zikibaki na nuru ile ile kama kwamba hakuna kilichotokea, basi betri haikuombwa mkondo mkubwa. Njia ya stata imekatika au imebanwa mahali taa zisikopitia.

Katika gari la zahanati taa zinawaka kwa nuru kali, na ufunguo unapogeuzwa hazifumbi hata jicho. Anayesema betri imekufa amekwisha kujibiwa.

Omu 0.2

Hapa ndipo wengi hukwama, wakiwemo mafundi wazoefu, maana inaonekana ajabu kwamba umeme upo wa kuwasha taa lakini haupo wa kuzungusha stata. Ajabu hiyo huisha mara tu hesabu inapofanywa, na hesabu yenyewe ni ya sheria aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827. Walimu wa sekondari wanayo haki ya kuionea fahari sheria hiyo: Ohm aliifanyia kazi alipokuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne, Ujerumani, akitumia vyombo vya maabara ya shule.

Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja hutumia jumla ya wati 110. Kwa betri ya volti 12, mkondo wake ni kama ampea 9. Stata ya gari dogo la petroli huhitaji ampea 150 au zaidi. Volti 12 zikigawanywa kwa ampea 150, ukinzani wa njia nzima, nyaya na stata pamoja, ni omu 0.08 tu. Hii ni njia pana mno, na kitu kidogo sana chaweza kuibana. Kwa kulinganisha, ukinzani wa taa zile mbili kwa pamoja ni kama omu 1.3.

Sasa katika kiungo kimoja cha waya paingie kutu na vumbi vyenye ukinzani wa omu 0.2. Taa zikipitia kiungo hicho, ukinzani wa jumla utakuwa omu 1.5, na mkondo utashuka kutoka ampea 9 hadi 8. Nuru itapungua kidogo, na huenda asiwepo atakayeona tofauti. Lakini njia ya stata itapanda kutoka omu 0.08 hadi 0.28. Mkondo utashuka kutoka ampea 150 hadi 43. Na kwa kuwa nguvu inayopotea au kutumika katika ukinzani hufuata mraba wa mkondo, stata itapata chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kati ya volti 12, volti 8.6 zitakuwa zimemezwa na kutu. Mwalimu atatambua kwamba hesabu hii imerahisishwa, kwa sababu stata inayozunguka huzalisha msukumo wa umeme wa kinyume na haifanani na waya tu. Lakini kwa stata iliyokataa kuzunguka, hesabu inaonyesha ukweli wa jambo lenyewe.

Kutokana na hesabu hii hutoka njia ya kupima ambayo kila mwenye voltimita aweza kuitumia. Nguvu iliyopotea haikupotea hewani. Imepotea mahali fulani, na mahali hapo pana tofauti ya volti. Ncha moja ya voltimita huwekwa upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, kisha ufunguo hugeuzwa. Kiungo kizima huonyesha volti kidogo sana, sehemu ndogo tu ya volti 1. Kiungo kibovu hujitaja chenyewe. Muhimu ni kwamba kipimo kichukuliwe wakati ufunguo umegeuzwa. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna mkondo unaopita, na kipimo cha namna hiyo kimewapotosha watu wengi kuliko kutokuwa na kipimo kabisa.

Kwenye gari la zahanati mtu anagundua jambo ambalo halimo katika vitabu vingi vya shule: waya wa choki, ule unaotoka kwenye dashibodi kwenda kwenye kabureta, umepata moto kiasi cha kuunguza kidole. Choki haina uhusiano wowote na umeme. Ni nini kilichoupeleka moto pale?

Umeme wa stata huondoka kwenye ncha chanya ya betri kwa waya mnene, na baada ya kupita ndani ya stata hurudi kwenye ncha hasi kwa kupitia chuma cha injini na chuma cha gari. Lakini injini haikukalia chuma cha gari moja kwa moja. Imekalishwa juu ya vipande vya mpira ili isitetemeshe abiria, na mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo waundaji huweka ukanda wa nyuzi za shaba uliosukwa, unaofunga injini na chasisi. Ukanda huu uko chini, mahali penye tope la masika na vumbi la kiangazi, na ni nadra mtu kuukumbuka. Ukilika, umeme hutafuta njia nyingine yoyote ya kurudi, na katika mfano huu umeiona waya nyembamba ya choki, ambayo ni chuma na imegusa injini upande mmoja na bodi upande wa pili. Njia ni nyembamba, mkondo ni mkubwa, na waya hupata moto. Taa hazina habari, kwani hurudisha umeme wake kwenye bodi bila kupita katika injini. Ndiyo maana zilibaki na nuru yake.

Mwaka 1871 Stanley alifika Tabora akikusudia kwenda Ujiji moja kwa moja, akakuta njia imefungwa na vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Alizunguka kwa kusini, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekutana na Livingstone. Kufika kwake kwa njia ya mzunguko kulithibitisha kwamba Ujiji ilikuwako na ilifikika. Kilichokuwa kimefungwa ni kipande kimoja tu cha njia. Fundi hufanya vivyo hivyo. Huchukua waya mnene wa kuazimia umeme, upande mmoja akaufunga kwenye ncha hasi ya betri na wa pili kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, akakiepuka kipande kinachoshukiwa. Injini ikizunguka papo hapo, kipande hicho kimehukumiwa kwa ushahidi. Katika mfano wetu inazunguka, inawaka, na gari linaondoka. Ukanda wenyewe utabadilishwa Tabora, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya betri iliyonunuliwa juma lililopita. Betri ile ilikuwa imesukuma kwa nguvu kidogo zaidi kuliko ya zamani, ikatosha kwa siku nne, hadi ukanda ulipozidi kulika.

Betri na joto la Oktoba

Haimaanishi kwamba betri haifi. Hufa, na Tabora hufa kwa sababu zake. Betri ya risasi na asidi, ambayo Gaston Planté wa Ufaransa aliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1859, ina seli sita, kila moja ikitoa kama volti 2.1. Betri nzima iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikishuka chini ya 12 imekwisha. Kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka, hidromita husema zaidi kuliko voltimita, kwa sababu hupima kila seli peke yake: asidi ya seli iliyojaa ina uzito linganifu wa kama 1.27, na ya seli tupu hukaribia 1.12. Seli moja ikiwa chini mno na tano zikiwa sawa, betri hiyo haiponi kwa chaji.

Vitabu vinavyotoka Ulaya hufundisha kwamba adui wa betri ni baridi. Ni kweli kwamba baridi hupunguza kasi ya kemia na kufanya oili iwe nzito, na kwamba huko ndiko betri huonekana zimekufa asubuhi za theluji. Lakini asubuhi za Juni mjini Tabora hazifiki baridi ya namna hiyo. Hapa anayeua ni joto la Septemba na Oktoba. Kwa kadirio la kawaida, kasi ya mabadiliko mengi ya kemia hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na miongoni mwa mabadiliko hayo ni kulika kwa vyuma vya ndani ya betri. Maji nayo hupungua, bamba za risasi hubaki wazi, na sehemu iliyokauka hairudi katika hali yake. Yakiongezwa maji, yawe yale yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana chumvi zilizoyeyuka, na chumvi iliyowatajirisha watengenezaji wa Uvinza tangu zama za misafara ni sumu ndani ya betri.

Ungaunga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri hutokana na asidi, na kwa hiyo husafishwa kwa alkali. Maji yaliyokorogwa magadi hutosha. Yakimwagwa hutoa mapovu ya kaboni dioksidi, na mapovu yakikoma kazi imekwisha. Yasiingie ndani ya seli. Yeyote anayeshughulika na betri akumbuke kwamba inapochajiwa hutoa haidrojeni: sigara na moto wa kiberiti viwe mbali, pete ivuliwe, na waya unaoelekea kwenye bodi ndio uwe wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa, ili spana ikigusa chuma cha gari kusitokee mlipuko wa cheche.

Injini inazunguka, haiwaki

Upande wa pili wa lile swali la kwanza una wahusika watatu, na kila mmoja ana jaribio lake.

Cheche hutazamwa kwa kuifungua plagi, kuirudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, huku mtu akizungusha stata. Cheche njema ni ya buluu na ina sauti. Ya manjano na iliyokonda haitoshi, kwani ndani ya silinda hewa imegandamizwa na ni vigumu zaidi kuirukia. Katika magari ya zamani yenye distribyuta, mvua za kwanza za Novemba huleta ugonjwa unaojulikana: vumbi la kiangazi ndani ya kifuniko hunyonya unyevu na kuwa njia ya umeme, na cheche hupotelea pale. Kitambaa kikavu huponya. Platini zilizoungua husuguliwa na kupangwa nafasi yake upya.

Plagi iliyotolewa husimulia pia habari za mafuta. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha kwa muda, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na kunuka, petroli imezidi. Injini imefurika, na kuendelea kuvuta choki ni kuzidisha maji juu ya mafuriko. Hapa mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta hupima hewa kwa ujazo, haijui tungamo lake. Kwa hiyo iliyorekebishwa pwani ikatosha vizuri, ikifika Tabora hutoa mchanganyiko wenye petroli iliyozidi kwa kama asilimia 5 au 6. Si nyingi kiasi cha kuizuia injini nzima isiwake, lakini hupaka plagi masizi, na injini iliyokuwa imeanza kuchoka hufurika upesi. Injini zinazopuliziwa petroli kwa umeme zina vihisio vya hewa na hujirekebisha zenyewe.

Mwinuko huo huo huchangia maradhi mengine, ya mchana wa jua: gari lililosimama robo saa baada ya safari ndefu hukataa kuwaka, na saa moja baadaye huwaka kama kwamba lilikuwa likitania. Petroli imechemka katika bomba lililo karibu na injini na kuwa mvuke, na pampu ya zamani haiwezi kusukuma mvuke. Kanieneo likiwa dogo, kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi, ndiyo sababu pia maji ya ugali Tabora huchemka kwenye nyuzi kama 96. Kitambaa kilicholowa maji kikizungushwa kwenye bomba na pampu huleta nafuu.

Mgandamizo huwa wa mwisho kushukiwa, kwa kuwa hupungua kwa miaka. Isipokuwa mkanda wa taimingi umekatika: hapo stata huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, na sikio lililozoea hutambua mara moja. Mtu asiendelee kuzungusha, maana katika injini nyingine pistoni hugonga vali.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyogandamizwa mara 16 hadi 20 na zaidi. Ugonjwa wake mkubwa njiani ni hewa katika mabomba, hasa pale tangi lilipoachwa likauke au chujio lilipobadilishwa. Hewa hunywea inaposukumwa, na nozeli haifunguki. Dawa ni kulegeza skrubu ya kutolea hewa na kupiga pampu ya mkono hadi mapovu yatoke na dizeli tupu ifuate.

Magari mengi yanayoingia nchini leo yana kompyuta, na yapo mazima kabisa yasiyowaka kwa sababu tu ufunguo haukutambuliwa na kifaa cha kuzuia wizi. Alama ya ufunguo au kufuli inayowaka kwenye dashibodi hulisema hilo. Kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta ni msaada mkubwa kwa anayejua kwamba kinataja dalili. Kikiandika kwamba kihisio fulani hakitoi ishara, huenda kihisio ni kibovu, huenda waya wake umetafunwa na panya, huenda umeme wake haurudi kwa sababu ya ukanda ule ule wa shaba. Wanaonunua kihisio kipya papo hapo wamerudi kwenye kosa la betri ya zahanati kwa gharama kubwa zaidi.

Somo hili laweza kufanywa darasani bila gari. Inatosha kuwa na betri ndogo ya volti 6, balbu ya tochi ya volti 6, mota ndogo kutoka kinanda cha kaseti kilichoharibika, voltimita, na misumari miwili, mmoja ulioshika kutu na mmoja uliosuguliwa kwa msasa. Balbu na mota ziunganishwe sambamba, kisha msumari uwekwe katika njia ya mota peke yake. Wanafunzi wapime volti kati ya ncha mbili za msumari wakati mota haikuunganishwa, kisha wakati imeunganishwa na inazuiwa kidogo kwa kidole, kwanza kwa msumari safi na baadaye kwa ule wa kutu. Mwishowe wauhamishe msumari wa kutu mahali ambapo njia ya balbu na njia ya mota bado ni moja, na kabla ya kuunganisha tena kila mwanafunzi aandike katika daftari lake anachotarajia kuona kwenye balbu.